Usingizi wa Mama Uko kwa Yokheved

Mdogo wangu Yokheved hana kufuli. Naanzia hapo kwa sababu watu wakimsifu huanzia hapo, nami nimechoka kuwasikia. Mjane huyo, kitambaa kilekile cha bluu kichwani, ndala miguuni, na lango lake kule mteremkoni kaliegemezea jiwe lisije likajifunga. Mimi nakaa nyumba ya juu yake. Nina kufuli tatu na komeo la chuma, na anayekosa usingizi ni mimi.

Ulikuwa mwaka wa saba, mwaka ambao Torati inatuamuru sisi Wayahudi kuipumzisha ardhi na kumwachia kila mtu matunda yake. Mume wangu Shabtai, kama wakulima wengi wa vilima hivi, aliwapa marabi, walimu wetu wa dini, sahihi yake, shamba letu likauzwa kwa karatasi, kwa mwaka ule tu, kwa mtu asiye Myahudi ambaye amri hiyo haimhusu, nasi tukaendelea kulima. Halali kabisa. Yokheved akasema yeye hatii sahihi popote. Akaiacha mizabibu bila kuipogoa, magugu yakamfika kiunoni, na kila apitaye akawa anaingia kuchuma.

"Na wewe utakula nini?" nikamwuliza.

"Nitakula, dada," akasema, akaendelea kukaanga vitunguu vyake. Hata kugeuka hakugeuka!

Hayo ningeyavumilia. Lakini Mama.

Mama yetu, Naze, macho yake yalipokwisha nilimchukua mimi, kifungua mimba wake. Nikamnunulia kitanda chenye vizuizi pembeni, nikamfungia kengele mkononi, nikampikia supu ya kube, madonge ya nyama, kwa mikono yangu. Na kila usiku ni yaleyale: "Geula, umefunga mlango?" Nimefunga, Mama. "Na wa nyuma?" Na wa nyuma, Mama. "Hebu kautikise nisikie." Nautikisa. Mpaka kunakucha. Mchana nikimpeleka kwa Yokheved nipate kupumua kidogo, nikirudi namkuta kwenye godoro barazani, chini kabisa, mlango wazi, paka wanamruka, naye anakoroma. Anakoroma! Kwangu hajawahi kukoroma.

Msimu wa tini ulipofika Mama akaniambia waziwazi: "Sabato ikipita, nahamia kwa mdogo wako." Nikahisi kama nimevuliwa nguo hadharani.

Sabato hiyo alasiri rabi wetu, Hakham Simantov, alifundisha sinagogini fungu lile la Torati, kwamba mkizishika amri hizi mtakaa katika nchi *betach*, kwa kutumaini, bila hofu.

"Neno hili tumelichakaza," akasema. "Mwulize fundi bomba, utakuja kesho? *Betach*, bila shaka! Na haji." Watu wakacheka. "Lakini zamani halikuwa neno la mdomoni tu. Wako wanaosema asili yake ni kujilaza chini mzimamzima, kama tikiti shambani. Mmeona tikiti likijishikilia? Uzito wote limeiachia ardhi. Kuna kuamini ambako mtu anaamini huku amesimama, mkono kwenye kufuli. Lakini *betach* ni kuamini kwa kujilaza."

Upande wetu wa wanawake shingo zote zikamgeukia Yokheved. Zilpa, jirani asiye na breki, akaninong'oneza, "Geula, si mdogo wako huyo anayesemwa?"

"Tazama kitabu chako," nikamwambia. Kwa wivu niliokuwa nao sikuitikia hata sala.

Sabato ilipopita Mama akateremka kwa Yokheved, nami kesho yake nikabeba ndoo mbili nikashuka huko. Sheria inasema uchume kiasi cha kula nyumbani. Mimi nilikwenda kuukwangua mtini mzima. Nilitaka uso wake ubadilike, mara moja tu, aseme, "Dada, sasa zimetosha," ili nikimbilie kwa Mama nimwambie: umemsikia? Naye ana roho ya kushikilia vyake kama sisi! Halafu Mama arudi kwangu.

Yokheved akatoka jikoni anafuta mikono. Ndoo ya kwanza imejaa, ya pili inafika nusu.

"Za juu ndizo tamu," akasema. "Ngoja nikushikie ngazi, mguu wake mmoja umeoza."

"Nitazimaliza zote," nikamwambia, ili asikie vizuri.

"Panda, dada."

Nikapanda mpaka kidato cha mwisho, nachuma kwa hasira, mbivu kwa mbichi. Mama akazinduka kule barazani. "Nani yuko juu ya mti?"

"Mimi, Mama!"

"Ngazi kashika nani?"

"Yokheved."

"Haya basi." Punde akaanza kukoroma tena.

Hapo ndipo nilipojiona. Mguu mmoja hewani, mikono yote miwili kwenye tini, sijashika tawi wala nini. Mimi, ninayerudi kuangalia jiko mara tatu kabla ya kutoka nyumbani! Mwili wangu huu wote ulikuwa mikononi mwa mtu niliyekuja kumkomoa, na tangu nipande sikuwa nimetazama chini kuhakikisha kama bado yupo. Niliona uchungu mpaka machozi yakanitoka.

Nikashuka. Nikakaa pembeni ya godoro nivue viatu tu.

"Sogea hapa," Mama akasema, akinipapasa mgongo. "Unahema kama punda."

Nikajilaza kidogo. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima, na nimefunikwa shuka. Mama alikuwa ameketi anacheka. "Leo umekoroma kunishinda mimi!"

"Ndoo zangu ziko wapi?"

"Nimekupelekea kwako, dada," Yokheved akajibu kutoka jikoni. "Nimekuta pamefungwa, nimeziacha mlangoni. Njoo ule."

Jioni hiyo Shabtai aliteremsha blanketi za Mama, na kitanda changu cha vizuizi kikabaki kitupu. Zilpa huniuliza kama bado namwonea Yokheved wivu. Namwonea! Kunichukulia Mama ningemsamehe. Lakini usingizi wangu mwenyewe, niliokuwa nikiutafuta miaka yote kwa kufuli tatu, nao ulikuwa kwake, juu ya lile godoro. Na kila alasiri inanibidi nishuke kwake kuufuata.