Nyota Mwingine kwenye Ramani

Simu ya kwanza ya biashara yangu imelia leo, na haikuwa ya mteja.

Mwezi uliopita nilienda Mbarara, kwenye cyber ya Nyamityobora, nikaweka duka langu la kushona kwenye ramani ya mtandao.
Ni bure kabisa. Unaandika jina, fasi uliko, namba ya simu, basi.
Niliandika: Nyota Couture, Nakivale, hii kambi yetu ya wakimbizi.

Mwezi mzima, kimya.
Siku zingine mashine ndiyo sauti pekee ninayoisikia mpaka jioni.

Leo asubuhi, namba nisiyoijua. Nikasimamisha mashine, nikaweka sauti ya kazi.

"Nyota Couture, karibu!"

Mwanaume akauliza: "Nyota? Ni weye? Ni miye, kaka yako."

Jamani, mimi sina kaka.

Alikuwa anatafuta dada yake, naye mshonaji, ambaye walipotezana wakati wa kukimbia vita ya Kivu. Huwa anaandika jina lake kwenye mtandao. Leo limetokea langu.

"Pole sana, kaka. Miye ni Nyota mwingine."

Nilidhani atakata.

Lakini akauliza, "Uko na batu wa jamaa yako hapo?"

"Sina."

"Basi uniambie, leo unashona nini?"

Nikamwambia: robe ya njano, gauni ya mtoto wa jirani. Akataka kujua mikono yake, kola yake, vifungo vyake. Tukaongea mingi.

Kabla ya kukata akaomba kupiga tena kesho. Nimekubali.

Namba nimeihifadhi. Pa jina nimeandika "Kaka".

Nimekosea?