Kiti cha Nyuma

Mzee Gia alianza kuandika habari za magari nywele zake zikiwa bado nyeusi tii. Jina hilo la utani alipewa na wachapaji wa gazeti, maana hata akitembea alianza taratibu, kisha akaongeza mwendo kama dereva anayepanda mlima. Safu yake ilitoka kila Jumamosi. Wenye uwezo wa kununua gari waliisoma kwa makini, na wasio nao, ambao ndio wengi, waliisoma wakimezea mate. Wauza magari walimwogopa. Ukimwalika chakula cha mchana alikula, akafuta mdomo, akaenda zake kuandika kwamba breki za gari lako ni mbovu.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja tu. Kila gari jipya alilipeleka kwenye barabara ya zamani ya machimbo ya kokoto, iliyojaa mashimo, vioo kafunga, redio kazima, masikio kayatega. Akitoka hapo aliirudia barabara ileile kwa gari lake mwenyewe, la bluu, ili alinganishe. Na safari zote mbili alimketisha mkewe nyuma. Sehemu ya mwisho ya safu iliitwa Kiti cha Nyuma, na humo mama huyo alitoa hukumu yake. Hakuwa mwingi wa maneno. Gari zuri alisema panakalika. Gari baya alisema angeomba mto. Lakini lile la bluu, ambalo mumewe alilipenda kupita kiasi, alilisemea neno lilelile miaka nenda miaka rudi: "Panavumilika." Mzee Gia alilichapisha kichwa kikiwa kimemvimba, kana kwamba amesifiwa yeye.

Mkewe alipofariki, Kiti cha Nyuma kilitoweka gazetini. Hakukubali mtu mwingine akae pale. Baadaye masikio nayo yakaanza kumtupa mkono, na hilo akalificha kama mtu anayeficha ugonjwa wa aibu. Mikutanoni alitikisa kichwa wenzake walipotikisa, akacheka walipocheka. Barabarani aliendelea kutega masikio ambayo hayakuwa na cha kunasa.

Ndipo siku moja akaandika kwamba gari fulani jipya injini yake imetulia, huwezi kujua kama inawaka. Masikini ya Mungu, gari lenyewe lilinguruma kama mashine ya kusaga! Walionunua wakapiga simu gazetini wakiwa wamefura. Mmoja aliuliza mzee kahongwa nini, na swali hilo ndilo lililomchoma. Mhariri, aliyekuwa akiisoma safu hiyo tangu shuleni, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamweleza kwa sauti ya chini, kwa heshima zote. Mzee Gia hakusikia kitu. Ikabidi mhariri arudie kwa kupaza sauti, na chumba kizima cha habari kikasikia kwamba mzee wao anaachishwa kazi. Alipewa makala moja ya kuaga.

Makala hiyo ikawa kila kitu kwake. Ikiharibika, watu watamkumbuka kama mla rushwa, basi. Aliamua kuandika juu ya gari la bluu, kwa kuwa hilo, alijiambia, analijua hata bila masikio. Lakini tangu daktari ampime masikio, baada ya aibu ile, funguo zilikaa kwa binti yake, na binti hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikubali kumwendesha yeye mwenyewe. Mkanda wa kiti cha abiria cha mbele ulikuwa umeng'oka, na Mzee Gia ndiye aliyewahubiria watu maisha yake yote wasipande gari bila mkanda. Akafyata mkia, akapanda nyuma. Hakuwahi kukaa pale tangu alinunue.

Shimo la kwanza, chuma kilichokuwa chini ya kiti kilimpiga kwenye uti wa mgongo mpaka machozi yakamlenga. Akasogea kushoto, kikamfuata. Akasogea kulia, magoti yakakwama. Shimo la tatu alishindwa kujikaza, akampiga binti begani asimamishe.

"Hiki kiti kimeharibika lini?" aliuliza kwa sauti kubwa, kama kawaida ya viziwi.

Binti akageuka ili baba yake aione midomo yake. "Kiko hivyo siku zote, baba."

"Mama yako alisema panavumilika."

"Mama alikuwa akirudi namkanda mgongo kwa maji ya moto. Nilitaka nikwambie, akanikataza. Alisema ukijua utamwacha nyumbani, na yeye alipenda kwenda na wewe."

Mzee Gia aliinamisha kichwa. Alikuwa na uchungu, na zaidi ya uchungu alikuwa na hasira juu yake mwenyewe, yeye aliyesikia boliti iliyolegea ndani ya injini za watu asimsikie mke aliyeketi nyuma yake. Binti akamwambia wageuze, warudi nyumbani. Akakataa. Alitaka wafike mpaka machimboni, na wakafika, akiwa amekaa palepale, kila shimo likimpata.

Makala aliyopeleka ilikuwa fupi. Alisema masikio yake yamekufa na kwamba hakuna aliyemhonga, akagusia injini kidogo, kisha akakirudisha Kiti cha Nyuma. Chini yake palikuwa na neno moja: hapakaliki.

Mhariri alipiga simu nyumbani, binti akapokea. Alidhani mzee amepitiwa, maana wasomaji wote wa zamani walijua gari la bluu linasemwa panavumilika, akaomba ruhusa arekebishe. Binti akayarudia hayo polepole mbele ya uso wa baba yake.

"Mwambie aache hivyo hivyo," alisema Mzee Gia. "Safari hii nimekaa mwenyewe."