Maua Niliyoyakwangua

Karatasi ya kale ikipata joto la hita hutoa harufu ya uyoga. Ndiyo iliyojaa sebule yetu ya Ladywood, huku ughaibuni, ghorofa ya tisa, msimu ule wa baridi nikiwa na miaka minane, mwaka elfu mbili na kitu. Mama alikuwa ameleta picha kutoka duka la mitumba: ya Kijapani, zile wanazochonga kwenye ubao, wakaupaka rangi na kuugandamiza kwenye karatasi. Wanawake watatu wamepumzika. Mmoja anakunywa chai, mmoja anachezea paka, wa tatu amegeuza uso, anapanga maua kwenye chombo. Bibi, mama yake baba, aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Mama Amani, huyu anampangia nani maua?"

"Ni starehe tu, mama. Kwao wanayaweka mezani."

"Mezani! Ua likishakatwa linaenda kaburini."

Kwetu Uvira Bibi hakuwahi kukata ua ila siku ya mazishi. Na kaka yangu Amani alikuwa amebaki kwenye kambi ya wakimbizi, simu yake kimya wiki ya tano. Basi nikaanza kuhesabu yale maua. Jana matano, leo sita. Labda nilikosea, maana hesabu na mimi hatujapatana hadi leo, na shule niliiacha mapema, lakini siku ya saba niliona saba.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Mimi nilikuwa sijaambiwa. Alasiri moja, Mama yuko kazini, Bibi anasinzia, nikaitoa picha kwenye fremu na kuyakwangua maua kwa wembe. Yakiisha, nikajiambia, hakuna wa kuzikwa. Yakaisha, nikairudisha picha ukutani. Mikono ya yule mwanamke ikabaki imenyooshwa, mitupu, kama ya mtu anayesubiri apewe.

Jumapili simu ikalia, kutoka kambini. Amani alikuwa amezikwa kabla picha haijaingia nyumbani, wiki tatu nzima kabla. Mama hakulia kwanza. Aliuliza, "Kulikuwa na maua?" Akasikiliza. Akageukia ukutani, akaona.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Mama. Nilikuwa namkinga Amani."

Alinishika vidole, akavitazama kimoja kimoja, ndipo akalia.

Siku hizi mazishi ya nyumbani yananifikia kwenye simu udongo haujakauka, nikiwa kwenye foleni ya basi Acocks Green. Hakuna tena wiki za kutojua. Wanasema ni nafuu. Lakini wakati ule, kwa alasiri moja, nilikuwa na kitu cha kumfanyia ndugu yangu. Sasa naangalia tu.