Marafiki Niliomwonyesha Mama

Jumamosi iliyopita nilijiaibisha mbele ya watu nisiowajua, na kwa kuwa hapa Whitehall, mji mdogo pembeni mwa Columbus, Marekani, sina wa kumsimulia, nawasimulia ninyi. Polisi alikuwa amenikamata nikikimbiza gari kwenda kazini, nikaamriwa kuhudhuria kozi ya udereva kwa njia ya kompyuta Jumamosi hiyo. Kusema kweli niliifurahia. Tangu nihamie Columbus sijawahi kukaa na watu wengi hivyo, hata kama ni nyuso tu kwenye skrini.

Mwalimu alisema kwa Kiingereza kwamba kuna mtu hajazima maikrofoni. Nikatikisa kichwa kumsikitikia mjinga huyo.

Mara mama akanipigia video kwenye simu kutoka kwetu Uvira, Kongo. Kila akipiga hunikuta peke yangu, na hufuta machozi akidhani sioni. Siku hiyo nikamdanganya.

"Leo niko na marafiki, mama."

"Bon, nionyeshe niwasalimie."

Nikaielekeza simu kwenye kompyuta. Mama akapaza sauti: "Hamjambo, wanangu? Asanteni kwa kunitunzia mtoto. Nilidhani hana mtu."

Sikuwa na wasiwasi, maana nani angemwelewa? Lakini kwenye skrini mwanamke mmoja aliyejifunga kitambaa cha kichwa akainama.

"Hatujambo, mama," akajibu kwa Kiswahili. "Tuko naye." Kisha akaniambia kwa upole: "Kaka, maikrofoni ni yako. Mwalimu anakuomba uizime tangu asubuhi."

Nyuso zote zilikuwa zinanitazama.

"Mwalimu?" mama akauliza. "Mwalimu gani?"