Asubuhi Niliyomtangaza Kalama Maiti

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nawaambia mapema, msije mkachoka kumtafuta.

Saa nne asubuhi nilimuua Kalama. Sikumgusa. Nilimuua kwa mdomo. Saa tisa alasiri akaja kuniuliza kaburi lake liko wapi, akalitizame.

Chekeni tu. Hata mimi nilikuwa mtu wa kucheka.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, vyama vingi ndiyo kwanza vimetoka jikoni, vingali vya moto. Nilikuwa na pikapu yenye spika mbili juu. Kazi yangu ni kutangaza Mji wa Kale na mitaa ya jirani: mikutano, harusi, dawa ya panya. Lakini kilichonipa jina ni vifo.

Kwetu maiti halazwi. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri yuko kaburini. Kwa hivyo mfiwa akija mlangoni kwangu sikuwa na nafasi ya maswali. Utamuulizaje mtu analia, "Una hakika?" Natia gari moto, basi. Nao watu wakinisikia hawaulizi, wanatafuta kanzu.

Sheikhan alilijua hilo.

Huyu alikuwa mpiga debe wa mgombea mmoja wa ubunge, yule aliyehubiri kwamba maji yakikatika ni watu wa bara, vijana wakikosa kazi bandarini ni watu wa bara, hata mvua ikichelewa. Wiki nzima mikutano yao ilikuwa mikavu. Siku ile akanijia mbio, macho mekundu.

"Kenga, njoo! Kalama hatunaye tena. Watu wa bara wamempiga nondo huko Kilindini, wairithi kazi yake."

Kalama alikuwa rafiki yangu, kuli wa bandarini. Siku mbili nilikuwa sijamwona. Nikachukua ufunguo wa gari.

"Twazika baada ya alasiri," akasema. "Na useme nani kamuua."

Hapo ndipo nilipoteleza. Tangazo la maiti husema jina, ukoo, msikiti na saa ya kuzika. Halisemi kauawa na nani. Miaka sita sikuwahi kulisema. Siku ile nililisema, tena nikalitia kilio changu, sauti ikatetemeka vizuri mpaka nikajipenda.

Kibokoni. Kuze. Makadara. Bondeni. Kila nilipopita, milango ya maduka ilifungwa nyuma yangu.

Nilipofika mtaani kwangu, nilikuta habari imenitangulia.

Watu walijaa mlangoni kwa Joab. Joab ni jirani yangu wa ukuta mmoja, karani wa bandarini, kwao Bungoma. Mkewe, Nasipwondi, ndiye aliyekuwa akimnywesha mamangu uji alipolala ugonjwa wake wa mwisho. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Atoke!" wakapiga kelele. "Atoke!"

Niliruka garini. "Jamani, Joab huyu? Ofisini, nyumbani, ofisini, nyumbani. Amuue nani?"

"Si wewe uliyetangaza?"

"Nilisema watu wa bara. Sikusema Joab!"

"Na Joab mtu wa wapi, yakhe? Wa Pemba?"

Watu wakacheka. Kicheko kile ningekiunga mkono siku nyingine, maana utani wenyewe ni wangu mimi, wa aina yangu kabisa.

Nikajibandika mlangoni, mgongo kwenye mbao. Ndani Joab alikuwa akisukuma kitanda kuuzuia mlango. Nasipwondi akaniita dirishani, taratibu, kama anayeomba chumvi.

"Shemeji Kenga, waambie. Wewe watakusikia."

Walikuwa wameshanisikia.

Ndipo akaja Kalama.

Alikuwa mweupe wa vumbi la ngano, nywele mpaka kucha, ametoka zamu mbili mfululizo kwenye meli. Umati ukampisha, wengine wakisoma dua.

"Kenga, naambiwa nimekufa," akasema. "Mmenizika wapi, nikatizame?"

Nilimkumbatia, nikalia. Nikampandisha juu ya gari, nikampa kipaza sauti.

"Ni mimi, Kalama. Nilikuwa nikishusha ngano. Hakuna aliyenigusa. Rudini majumbani mwenu."

Nikavuta pumzi. Nikadhani yamekwisha.

Sheikhan akapaza sauti kutoka nyuma: "Wamemnunua! Mwaona anavyowatetea?"

"Leo si yeye, kesho atakuwa yeye!" akadakia mwingine.

Na mzee mmoja, ambaye mimi ndiye niliyemtangazia kifo cha babake, akanitazama usoni: "Kenga, una ushahidi gani kwamba huyu ni Kalama?"

Wallahi! Alipokufa hakuna aliyetaka ushahidi. Alipofufuka wakataka kitambulisho.

Jiwe la kwanza lilimpata Kalama mdomoni. Meno mawili. La pili sikuliona, nilikuwa chini.

Mlango ukavunjwa. Nasipwondi, mimi na Kalama tulimpitisha dirisha la uani hadi jikoni kwangu. Joab hatukumuwahi. Walimpasua kichwa. Godoro, vyombo, nguo ndogondogo za mtoto ambaye hajazaliwa, vyote vikawaka barabarani. Polisi walikuja kuangalia majivu.

Kesho yake mkutano wa Sheikhan ulifurika.

Mimi nilipanda gari, nikaanza kutangaza upya mitaa ile ile. Kalama yu hai. Kalama yu hai. Uongo nilioueneza asubuhi moja, siku tatu nzima sikuweza kuufuta. Wengine walinizomea. Wengine walifunga madirisha.

Siku ya nne nikawakuta Joab na mkewe kituo cha reli, na furushi moja. Joab alikuwa amefungwa bandeji hadi nyusi, hakuinua uso.

"Shemeji, msiende," nikamwambia Nasipwondi. "Nimekuwa nikizunguka. Jana Kuze wamenisikiliza. Nipe wiki moja tu, mji mzima utajua."

"Utajua nini?"

"Ukweli! Kwamba Kalama hakuuawa. Kwamba yu hai!"

Alikaza fundo la furushi, kisha akanitazama.

"Na kama angekuwa ameuawa kweli, shemeji, ndiyo ingekuwa haki kutuchoma?"