Fundi Taratibu na Sauti ya Mama

Mdogo wangu ni fundi wa laptop, na mtaa mzima unamwita Taratibu. Jina hilo kajitafutia mwenyewe. Mteja akiingia kibandani kwake na laptop inayowaka, kifuniko wazi, kaibeba kwa mkono mmoja kama sinia ya vikombe, mdogo wangu anaruka kutoka kitini: "Taratibu! Taratibu, jamani! Humo ndani kuna sahani inazunguka!"

Hapo mahubiri yameanza, na hayaishi leo. Kwamba diski ya laptop hizi za zamani ina sahani nyembamba zinazozunguka kwa kasi, na kijimkono kinachozisoma bila kuzigusa, na ukiitikisa wakati inafanya kazi kijimkono kinashuka kuichuna sahani, basi kila ulichohifadhi kwaheri. Kwamba laptop haiwekwi juu ya godoro, inakosa hewa. Kwamba CD inashikwa ukingoni, inafutwa kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, siyo kuzungushazungusha kama unasugua sufuria. Siku moja alichomoa CD mbili zilizobanana kwenye kidroo cha laptop ya mwalimu mmoja, akamwuliza mbele za watu kama huwa anavaa na suruali mbili kwa mpigo. Mwalimu alinuna, lakini alirudi, kwa sababu mdogo wangu kazi anaijua.

Mimi dada yake sikuwa nikisikia. Kazi yangu ni kuwachapia watu barua na ripoti kwenye duka la fotokopi, na jioni nilikuwa naifunika laptop ikiwa bado inanguruma, naitumbukiza begini, huyoo, naenda zangu. Akinisema, namjibu: "Mke wako anakuvumiliaje wewe?" Anacheka, ananiambia siku yangu itafika.

Sasa, ndani ya laptop hiyo ndimo alimokuwa mama. Nina maana sauti yake. Zamani kidogo, kabla hajaugua, nilikuwa nakaa naye siku za mapumziko, naweka laptop mezani, namrekodi akipiga soga. Alivyomkataa baba mara ya kwanza kwa sababu alikuja kuposa na soksi zisizofanana. Wimbo aliokuwa akitubembelezea. Majina ya shangazi zake wote, na nani kati yao alikuwa mchoyo. Mama alikuwa na mdomo, jamani! Halafu kiharusi kikampiga, kikaondoka na mkono wa kulia na maneno yote. Tangu hapo anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, lakini akifungua mdomo inatoka pumzi tu. Binti yangu wa mwisho hajawahi kumsikia bibi yake akisema hata neno moja, ila kwenye laptop ile.

Nilimwomba mdogo wangu anihamishie zile sauti, hata kwenye CD. "Kesho, dada." Kesho ya fundi mnaijua. Mimi nami sikumkazania, maana laptop ilikuwa inawaka kila siku, na kitu kinachowaka kila siku unaona kitawaka milele.

Ikafika wakati laptop ikawa nzito. Nikifungua sauti ya mama inagoma kwanza, inafikiria, ndipo inaanza. Nilishtuka. Nikampigia mdogo wangu, akaja siku hiyohiyo na diski ya pembeni ya kuhamishia. Alikaa chumbani kwa mama, maana mama anaishi nami na chumba chake ndicho chenye utulivu. Nikawaacha, nikaenda kazini.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, laptop mapajani, imefungwa.

"Dada, diski imekufa."

"Imekufa vipi? Asubuhi si ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa taabani. Imeanza kugonga, ikazima. Sikuwahi kutoa hata sauti moja." Halafu akaniuliza, macho chini: "Dada, huwa unaibeba ikiwa imewashwa, sivyo?"

Ningekataa vipi? Amenionya mpaka akachoka, na mtaa mzima shahidi. Nilikaa pale pale kwenye ngazi nikalia kama mtoto. Yeye alinishika bega. Kesho yake akaipeleka diski kwa jamaa wenye vifaa vya kufungulia, wakamwambia sahani imechunwa, hakuna cha kuokoa. Basi. Nikajua mimi ndiye niliyeinyamazisha sauti ya mama yangu mara ya pili.

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Naoga nawaza, nachapa nawaza. Binti yangu ananiuliza, "Mama, bibi wa kwenye laptop yuko wapi?" Namdanganya kwamba chaji imeisha. Mlangoni kwa mama nilikuwa napita haraka, kama mtu anayedaiwa.

Na mama naye akabadilika. Mdogo wangu alikuwa na kawaida ya kuja mchana kumlisha, na mkono wake ndio mama alioupenda kuliko wote, hata mimi nikamwonea wivu. Sasa akisogeza kijiko, mama anafumba mdomo na kugeukia ukutani. Nikija mimi, anakula. Nikasema ugonjwa umepanda kichwani. Mdogo wangu alikuwa anasema, "Hana hamu leo," anaweka bakuli chini na kutoka nje.

Halafu akaanza wema usio na kichwa wala miguu. Akarekebisha bawaba za mlango wangu bila kuombwa. Akaniletea laptop nyingine, nzima, akaniwekea na kibao cha kuiegeshea ipate hewa. Siku moja nikamkuta amekaa na ile laptop mfu, amekivuta kidroo cha CD, anakisafisha kioo chake kwa pamba, polepole, kifaa ambacho hakitasoma tena chochote. Nikamwambia, "Wewe, umekuwa malaika lini?" Hakucheka. Kibandani nako, watu wakaniambia, ametulia mno: mteja anaingia na laptop inawaka, anaiyumbisha, na Taratibu anaipokea tu, kimya. Mwenye duka la jirani akaniuliza kama ndoa yake ina matatizo.

Mimi nilidhani ananionea huruma. Na huruma yake ndiyo iliyonimaliza, maana kila akinitendea jema nilijiona mbaya zaidi.

Mchana mmoja nilishindwa. Nilitoka kazini mapema, nikamkuta mdogo wangu yuko kwa mama na bakuli la supu, mama amegeukia ukuta kama kawaida. Sikumsalimu mtu. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Sauti yako yote ilikuwa kwenye laptop yangu, na nimeiua kwa uzembe wangu. Mdogo wangu alinionya nikamdharau. Niadhibu unavyotaka, lakini nisamehe, mama yangu."

Mama akageuka. Akatikisa kichwa, tena kwa nguvu, hapana, hapana. Nikadhani hataki kunisamehe, moyo ukanipasuka. Kisha akainua ule mkono wake wa kushoto, akanyoosha kidole juu ya bega langu. Nikageuka. Mdogo wangu amesimama, bakuli mkononi.

"Lete basi," nikamwambia. "Mama anataka kula."

"Hataki chakula, dada," akasema. "Anataka niseme."

Akakaa sakafuni, bakuli akaliweka kando. Akaanza kusema, na nilitamani asimalize.

Siku ile kazi ilikuwa inaenda vizuri. Sauti zilikuwa zinahama kidogo kidogo. Ila betri ya laptop ilikuwa ya kuombea dua, na soketi ya chumba kile iko kule mlangoni. Kuzima akaona uvivu, itabidi aanze upya. Ni hatua mbili tatu tu, akajiambia, mimi ni fundi, najua ninavyoshika. Akainyanyua ikiwa inafanya kazi. Yeye! Taratibu! Mguu ukajinasa kwenye waya wa chaja, laptop ikagonga chuma cha kitanda cha mama. Ikaanza: tak, tak, tak.

"Diski ikigonga unazima, unaiacha," akasema. "Hilo namwambia kila mteja. Mimi nikachanganyikiwa. Nikaizima, nikaiwasha. Nikawasha tena. Kila nikiwasha nilikuwa nakwangua, najua nakwangua, na nikawasha tena. Mama alikuwa ananitazama. Alinipungia mkono huo niache. Sikuacha mpaka ikanyamaza yenyewe. Na diski ya kuhamishia ilidondoka nayo, hata kile kilichohama hakikufunguka."

"Na ukanirushia mimi."

"Nikakurushia." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta. "Nilijua mama kaona kila kitu. Nikajiambia, mama hawezi kusema."

Jamani, nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu, na siombi radhi hata kwa moja. Nilivua kiatu. Kilichonizuia ni kwamba hakujikinga, alikaa pale akikingoja. Na nikakumbuka begi langu, na laptop inanguruma ndani yake jioni baada ya jioni. Nani ajuaye nani aliiumiza kwanza? Mimi nami si msafi. Nikarudisha kiatu mguuni.

Mdogo wangu akajikokota kwa magoti mpaka kitandani. "Mama, ni mimi," akasema. "Siyo dada. Ni mimi."

Mama alimtazama. Halafu ule mkono wa kushoto ukashuka, ukatafuta sikio lake, ukalibana na kulivuta, vilevile alivyokuwa akilivuta tulipokuwa wadogo na mdogo wangu amevunja kikombe akasema ni paka. Hana nguvu, hakumwumiza. Lakini mtu mzima yule, mwenye mke na kibanda chake, alilia mpaka shuka likalowa.

Mama alipomwachia, akajiegemeza kwenye mto. Akafungua mdomo, akabaki hivyo. Mdogo wangu anamkodolea tu macho, akidhani anajaribu kusema kitu.

"Unangoja nini?" nikamfokea. "Mlishe mama yako."

Akalitafuta bakuli. Kijiko alikipeleka mbio, supu nusu ikaishia kidevuni kwa mama.

"Taratibu," nikamwambia.

Mama akala mkononi mwake mpaka bakuli likawa tupu.