Kompyuta Tatu na Shamba la Mama

Enzi za Ujamaa nilikuwa mwalimu wa fizikia Sumbawanga mjini, na kiburi changu kilikuwa hakina mfano. Sabuni nilipangia foleni kama wengine, lakini mambo ya anga za juu nilikuwa nayo! Likizo moja nilikwenda kijijini kwetu, upande wa Chala, mwenyekiti wa kijiji akaniomba nizungumze na watu wazima wa darasa la kisomo. Aliniomba mara moja tu, nikakubali mara tatu.

Nikawaambia kuwa kompyuta ya chombo cha angani hutunza kumbukumbu zake katika vijumba vidogo vya umeme. Chenye umeme husomwa moja, kisicho nao sifuri. Basi chembe kali kutoka kwenye jua au nyota za mbali hupita humo, huacha umeme njiani, na kijumba kimoja hugeuka. Chombo hakivunjiki wala hakitoi moshi. Kinaendelea na kazi, ila sasa kinakumbuka uongo na kuusema kwa uso mkavu.

“Sasa nani hupanda huko kukirekebisha?” mzee mmoja akauliza.

“Hakuna, mzee wangu. Wataalamu huweka kompyuta tatu zifanye kazi ileile. Mbili zikikubaliana, ya tatu ndiyo iliyokosea.”

Lo, makofi! Mwenyekiti akaandika kwenye daftari lake, nami mjinga nikadhani ananiheshimu.

Mwezi uliofuata mama akaniita haraka. Mwenyekiti alitaka kipande cha chini cha shamba lake kiwe cha kijiji. Ardhi ile ilikuwa nyeusi tii, kwa miaka ya matuta ya duara tunayofukia majani yaoze chini yake. Mama, mjane, alisema mpaka ni kijito. Mwenyekiti alisema ni kichuguu cha katikati ya shamba.

Desturi yetu, majirani wote huutembea mpaka kwa miguu, kila mtu aseme analolijua, hata mkigombana mpaka jioni. Mwenyekiti akaikataa mbele ya mkutano wa kijiji. “Hizi ni zama za sayansi! Mwalimu, mtoto wa mama huyuhuyu, katufundisha. Kumbukumbu tatu zinatosha.”

Akasimamisha wazee watatu. Walikuwa wametoka nyumbani kwake asubuhi ileile, wamenywea pombe ya ulezi chungu kimoja. Wa kwanza akasema kichuguu. Wa pili, kichuguu. Wa tatu akasema kichuguu kabla hajaulizwa.

Nikasimama. “Ndugu Mwenyekiti, kompyuta zile haziambizani! Kila moja hukokotoa peke yake, ndiyo maana chembe ikiikosesha moja, nyingine mbili hubaki salama. Zikipotoshwa zote pamoja, kura hiyo ni bure!”

“Mbona siku ile hukusema?”

Makofi yalinilevya, nikaacha neno lenye maana kuliko yote. Ulimi huponza kichwa, lakini wangu uliruka kichwa changu ukamponza mama yangu. Mkutano ukanyoosha mikono, shamba likaenda.

Mama alipewa kipande kingine mlimani, kokoto tupu. Jumamosi nikaanza kumlimia matuta mapya, jembe linalia kwenye mawe. Alisimama pembeni na kibuyu cha maji, akanitazama tangu asubuhi hadi jua la utosi. Kisha akanywa mwenyewe, akaenda zake.